Mistari ya Majivu

Punda milia wa kwanza niliyemchora ubaoni alikuwa na mistari iliyonyooka kama ya daftari, na mwanafunzi mmoja wa benchi la nyuma akacheka. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Uganda miezi minne tu kabla ya hapo, nimeajiriwa kufundisha sayansi darasa la sita, na mimi si mtu wa kuchekwa nikanyamaza. Nikageuka na chaki mkononi, nikauliza ni nani. Darasa zima likamtazama msichana mmoja mrefu kuliko mimi, amekaa katikati ya watoto wa miaka kumi na miwili, magoti yake karibu yafike kidevuni.

"Mimi, ustaza," akasema bila kusitasita. "Huyo hapana punda. Huyo mzigo, umefunga na kamba."

Nikamtoa nje. Akaenda akasimama juani mpaka kipindi kikaisha, akiniangalia kupitia nguzo za rakuba, maana madarasa yetu yalikuwa vivuli vya miti na nyasi, hayana kuta. Niliendelea kufundisha nikijua kabisa kwamba ananitazama, na kwamba mnyama wangu pale ubaoni kweli alikuwa anafanana na mzigo.

Niseme wazi, sioni haya. Sikuwahi kumwona punda milia. Nilibebwa mgongoni kuvuka mpaka nikiwa mchanga, nikakulia kambini Uganda, nikaenda sekondari Kenya kwa ndugu wa mama, na popote nilipopita punda milia alikuwa picha: kwenye jalada la kitabu, kwenye blanketi, kwenye pakiti ya kiberiti. Miaka ile baada ya mkataba wa amani tulirudi wengi wa namna hiyo. Tulishuka Juba na vyeti vyetu kwenye bahasha za kaki, tukaanza kuwafundisha watoto habari za wanyama wa nchi yao kwa kitabu kilichopigwa chapa kwingine, na baadhi ya watoto hao walikuwa wamelala porini na wanyama wenyewe. Watu husema tuliokuwa nje tulirudi na majivuno. Mimi nakubali, nilirudi nayo. Ningerudi na nini kingine?

Shule ilikuwa Gumbo, ng'ambo ya daraja, hatua chache kutoka barabara ya Nimule. Ilikuwa na rakuba tatu na chumba kimoja cha mabati tulichokiita ofisi. Mwenye shule alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, Mganda wa upande wa Arua, mtu wa saa na kengele, suti nyeusi hata jua liwe kali vipi. Hakuwa mtu mbaya. Alivuka na mabenchi yake juu ya lori wakati wenzake bado wanaogopa barabara, na hesabu alizifundisha mpaka watoto wakacheka kwa furaha. Lakini alikuwa na kitabu. Kilikuwa kijitabu cha maswali na majibu, kimebanwa kwa pini, kimetoka Kampala, na shule nzima ilisimama juu ya kijitabu hicho. Lisilokuwamo humo halikuwako duniani.

Yule msichana alikuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, mwenyewe hakuwa na hakika. Watu wake ni wafugaji wa upande wa Terekeka. Baba yake mdogo alikuwa ameleta ng'ombe Gumbo ili wauzwe kidogo kidogo kwa wachinjaji wa mjini, na kambi yao ilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, moshi wa mbolea ukipanda kutwa. Asubuhi alikuja shuleni na majivu bado yamemkaa nyuma ya masikio. Wenzake walimcheka kwa hilo, na hakujali.

Alichotaka nilikijua kwa sababu alikisema wazi siku ya pili tu, nilipomuuliza mtu mzima kama yeye anafuata nini darasa la watoto. Mradi mmoja ulikuwa unachukua watu na kuwafundisha kuchanja ng'ombe, na sharti lao lilikuwa cheti cha darasa la saba. Wachanjaji waliowahi kufika kambini kwao walikuwa vijana wa mjini waliomwogopa ng'ombe, wakamchoma sindano mahali pasipo pake, na ndama wawili wa mama yake wakafa. "Mimi nitachoma mwenyewe," alisema. "Kalas, basi." Hakuwa na ndoto nyingine, au kama alikuwa nayo hakunieleza.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa kuingia darasa la saba. Kabla ya mtihani mwalimu mkuu alitangaza sheria mpya: mwanafunzi aliyepita miaka kumi na saba akishindwa hata somo moja, atahamia darasa la jioni la watu wazima. Alisema benchi ni chache na watoto ni wengi, na kwa hilo hakudanganya. Lakini darasa la jioni lilikuwa la kusoma na kuandika tu, halifanyi mtihani wa cheti. Tena jioni ni saa ng'ombe wanarudi, moshi unawashwa, maziwa yanakamuliwa. Kumwambia msichana wa kambi ya ng'ombe aje shule jioni ni kumwambia asije.

Swali la tisa katika sayansi liliuliza kwa nini punda milia ana mistari. Kijitabu kilijibu: ili kujificha asionwe na adui. Yeye aliandika kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, maneno machache yaliyolala upande: kwa sababu ya inzi. Nikaweka kosa. Sikufikiri hata kidogo. Swali lilikuwa na alama mbili, na nilipojumlisha karatasi yake ikatoka arobaini na nane. Alama ya kupita ilikuwa hamsini.

Alinifuata ofisini na karatasi mkononi. Hakulia, hakubembeleza. Aliweka kidole kwenye kosa langu jekundu.

"Hii kwa nini?"

Nikamwambia jibu ni kujificha. Akanitazama kama anayepima iwapo inafaa kupoteza maneno.

"Ustaza, wewe umeona punda iko jificha wapi?" akauliza. "Yeye nasimama kwa wazi, mchana, majani iko fupi, kundi mzima. Mimi naona mbali sana. Simba hapana macho?"

Nikamuuliza yeye amemwona wapi. Basi akaniambia. Alikuwa mdogo, wamehamisha ng'ombe mashariki ya mto kutafuta malisho, na kundi dogo la punda milia likawa linakunywa maji nao kwenye kidimbwi kimoja kwa siku kadhaa. Ilikuwa majira ya pange, wale inzi wakubwa wanaouma mpaka damu itoke. Ng'ombe walikuwa wanapiga mikia na kukanyagakanyaga, watu wanawapaka majivu mchana kutwa. Punda wamesimama pembeni, wametulia. Bibi yake, huku akimsugua ng'ombe mgongo, akamwambia: yule hana mtu wa kumpaka majivu, kwa hiyo anatembea na yake.

Nilimuuliza kama bado wapo. "Ma fi, hakuna," akasema. Wenye bunduki wa kila upande waliwala, na wasio na bunduki wakala waliobaki. Twiga wapo, swala wapo wengi wasiohesabika, lakini punda wale hakuwaona tena.

Nakumbuka nilivyokaa pale na karatasi yake mbele yangu. Kuna hasira ya kumkasirikia mwingine na kuna hasira ya kujikasirikia, na mimi nilikuwa nazo zote mbili, sikujua nianze na ipi. Nilikuwa nimemwekea kosa mtu pekee katika ile shule aliyewahi kusimama karibu na mnyama aliyeulizwa.

Nikamwambia akae, anieleze mengine. Akainama penye jiko letu la chai, akachovya ncha za vidole vyake vitano kwenye majivu, akavikusanya pamoja na kuvigonga juu ya meza ya mwalimu mkuu. Yakabaki madoa matano yameizunguka nafasi tupu, kama ua. "Huyo chui," akasema. Darasani mimi nilikuwa nimewachorea nukta. Akagonga tena na tena mpaka pembe nzima ya meza ikawa ngozi ya chui, kisha akaniashiria nitoke nje, akanisimamisha chini ya mti. Jua lilipenya majani, likanimwagia madoa mikononi na kwenye blauzi. Sikuhitaji kuelezwa. Kujificha kwa chui kulikuwa kweli kabisa, kitabu kilikuwa kimesema kweli kwa mnyama mwingine. Akaniambia pia juu ya twiga, kwamba mabaka yake ni kama tope lililokauka na kupasuka, na hakuna wawili walio sawa, na kwamba vijana wa kwao humtungia nyimbo ng'ombe mwenye mabaka ya namna hiyo na kumwita kwa jina la huyo mnyama wa porini. Mtu akipata ndama mwenye madoa ya chui, alisema, halali. Anakaa macho anamtazama.

Nimesikia wasomi wakiuliza urembo wa mnyama una faida gani. Yule msichana asingelielewa swali hilo. Kwake ng'ombe mzuri na ng'ombe asiyeumwa na inzi walikuwa habari moja.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Alikuwa anafuta majivu kwenye meza yake kwa kitambaa, amekunja uso. Nikamwambia ninataka kubadilisha alama ya swali la tisa.

"Madam, hii maneno ya inzi iko wapi kwa kitabu?" akauliza.

"Haimo."

"Basi imekwisha."

"Haijaisha. Ameona kwa macho yake."

"Kila mtu hapa ameona kitu," akasema. "Mmoja ameona mchawi, mmoja ameona joka ya mto iko na taa kichwani. Mimi niwape wote alama? Kesho akifanya ya cheti, karatasi yake itaenda Kampala. Kampala wataniuliza mimi, hawataki kuuliza bibi yake."

Hapo nilikosa adabu. Nilimwambia kwamba kitabu chake hakijawahi kuumwa na pange, kwamba yeye hajawahi kumwona punda milia na mimi pia sijamwona, na kwamba vipofu wawili hawawezi kukaa ofisini wakimhukumu mwenye macho. Walimu wenzangu wakaacha kunywa chai. Akaninyooshea kidole, akasema niangalie mdomo wangu, shule ni yake. Nikamjibu shule ni yako, lakini inzi ni wa kila mtu, njoo uwaone.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini neno lilipotoka nikalishika. Nikamwambia Ijumaa asubuhi tutaleta ng'ombe mweusi uwanjani, tutampaka mistari ya majivu upande mmoja, upande wa pili tutauacha, na watoto watahesabu inzi. Kama hakuna tofauti, mimi mwenyewe nitampeleka msichana darasa la jioni na nitaomba msamaha mstarini. Akasema Ijumaa saa tatu. Nadhani alitaka kuniona nikiaibika mbele ya shule nzima, na kwa jinsi nilivyomsemesha simlaumu.

Kazi ilikuwa kumpata ng'ombe. Baba mdogo wa msichana alikuwa na maksai mmoja mweusi tititi, pembe zimefunguka kama mikono ya mtu anayepokea mgeni, na huyo hakuwa wa kuuzwa. Huyo ndiye ng'ombe aliyekuwa akimwimbia nyimbo zake. Tulimkuta ameketi karibu naye anamkuna shingo. Msichana akaongea naye kwa lugha yao muda mrefu, mimi nimesimama na viatu vyangu vya mjini kwenye mbolea. Baba mdogo akanigeukia na kuniuliza kwa Kiarabu cha Juba kwa nini nataka ng'ombe wake afanane na mnyama asiye na mwenyewe.

Nikamwambia ukweli wote: kwamba binti wa kaka yake alijibu sawa, kwamba mimi ndiye niliyemkosesha, na kwamba mwalimu mkuu haamini. Akasema atakubali kwa sharti moja, kwamba mistari ataipaka yeye, kwa kuwa hakuna mkono mwingine unaogusa mbavu za ng'ombe huyo.

Ijumaa walikuja wakimtembeza polepole kando ya barabara, na nusu ya Gumbo wakawafuata. Mama wa Kiganda waliokuwa wanauza chapati waliacha makaango yao. Boda zikasimama. Baba mdogo alikoroga majivu na maji kidogo kwenye kibuyu, akaanza kwenye bega. Hakuna mstari wake hata mmoja ulionyooka. Ulishuka ukifuata ubavu, ukapinda penye tumbo, ukagawanyika mara mbili ulipofika pajani, na mwingine ukaingia katikati yake kwa wembamba. Alifanya hivyo kimya, akirudi nyuma kutazama, akisogea tena. Weupe juu ya weusi. Alipomaliza, upande ule wa maksai ulikuwa kama unatembea na yeye amesimama tuli. Machozi yalinitoka. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na ndipo kwa mara ya kwanza nilijua mistari ile inafananaje, kwa mkono wa mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati.

Watoto tuliwagawa, kundi upande huu, kundi upande ule. Kazi yao ilikuwa kuhesabu kila inzi anayetua. Mwalimu mkuu alisimama na saa yake katikati, karibu na kichwa cha ng'ombe, ili asiibiwe na upande wowote. Pange hawakukawia, mto uko karibu na mvua zilikuwa hazijaisha vizuri. Upande mweusi watoto walianza kuhesabu kwa sauti, kisha wakaanza kugombana nani amehesabu yupi, kisha wakashindwa. Upande wa mistari kulikuwa na kimya. Inzi walikuja kwa kasi ileile, wakafika karibu, wakapita au wakagonga na kuruka tena. Waliotua walitua, siwezi kusema hakuna. Lakini vidole vya mikono vilitosha kuwahesabu.

"Jua," akasema mwalimu mkuu. "Upande mweusi ndio iko kwa jua. Geuza."

Tukamgeuza. Nilimheshimu kwa hilo, nilikuwa sikulifikiria mwenyewe. Tukaanza upya, jua sasa likiwaka kwenye mistari. Ikawa vilevile. Tena katika kule kugeuza, pange waliofukuzwa na mkia wa ng'ombe walitafuta kitu kingine cheusi, wakakipata. Mmoja alimuuma mwalimu mkuu shingoni, mwingine begani juu ya suti, kisha wakaja kwa wingi. Watoto wakaziba midomo kwa mikono. Msichana peke yake hakucheka. Alichukua konzi ya majivu makavu, akamwendea kwa heshima, akamuuliza kama ampake.

Mwalimu mkuu akarudi nyuma hatua mbili. Akaitazama suti yake, akamtazama ng'ombe. "Nimeona," akasema. Kisha akaniangalia mimi. "Mimi nimeona, madam. Kampala haijaona."

Mchana tulikaa kikao, walimu watano na yeye. Alisema amekubali kwamba maneno ya msichana si ya kipuuzi, lakini hawezi kutoa alama ambayo mwongozo hautoi, akianza hivyo kila mzazi atakuja na ng'ombe wake. Wenzangu wawili wakaitikia kwa vichwa. Nikaona jinsi mambo yanavyotaka kwenda, kila mtu ameona, kila mtu amekubali, na msichana anakwenda darasa la jioni.

Nikanyoosha mkono, nikakichukua kijitabu mezani. Nikafungua ukurasa wa swali lile. Chini ya jibu lililopigwa chapa nikaandika kwa wino, herufi kubwa: AU, KUZUIA INZI WANAOUMA. Nikatia sahihi yangu pembeni. Hakuna aliyewahi kukiandikia kitabu kile hata namba ya ukurasa. Nikamsogezea.

"Sasa imo," nikasema. "Kama si kweli, ikate. Lakini uikate pale uwanjani, mbele ya watoto waliohesabu."

Alikishika muda mrefu. Nilijua anaweza kunifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitawaambia nini nyumbani, lakini sikutaka kurudi nyuma na nisingerudi. Nje tulimsikia baba mdogo akimwosha maksai wake na kumwimbia kwa sauti ya chini. Mwishowe mwalimu mkuu akavuta droo, akatoa muhuri wa shule, akaupuliza, akaugonga juu ya mwandiko wangu.

"Apewe mbili," akasema. "Na wewe madam, siku nyingine ukitaka kuandika kwa kitabu yangu, uliza kwanza."

Akakaa darasa la saba, benchi lilelile, magoti kidevuni. Katika mtihani wa cheti swali lilirudi kwa maneno mengine, na nilikuwa nimemwonya aandike la Kampala. Aliniambia baadaye aliandika yote mawili, la Kampala na lake, na akapiga mstari chini ya lake. Alifaulu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na boksi la chanjo nyuma ya pikipiki, anaenda kambini, na hakuwa na nafasi ya maneno mengi na mimi.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka kadhaa ndipo nilipokuwa naishia nikiwasimulia watu. Lakini mwaka ule ambao kila mtu alizungumza habari za kura ya kujitenga, nilikwenda soko la Konyo Konyo kutoa fotokopi. Shule nyingi zilikuwa zimefunguliwa na vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo kijitabu cha mwalimu mkuu kilikuwa kimeazimwa, kikanakiliwa, na nakala nazo zikanakiliwa. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa kijana mmoja, mwalimu wa shule ya upande wa Jebel, amerudi karibuni kama nilivyorudi mimi. Mashine ilikuwa imekwama. Akaona bora atumie muda, akaweka karatasi za wanafunzi juu ya kaunta na kuanza kusahihisha, mwongozo umefunguliwa pembeni.

Niliutambua mwandiko wangu. Ulikuwa umenenepa na kuwa mweusi zaidi kwa kunakiliwa mara nyingi, sahihi imekuwa doa, muhuri umekuwa duara la moshi. Nikafurahi, sitadanganya. Nilivimba kichwa pale dukani. Kisha nikaitazama karatasi aliyokuwa anaisahihisha. Mtoto aliulizwa kwa nini punda milia ana mistari, na alikuwa ameandika: ili mtoto wake amjue mama katika kundi. Kijana akaweka kosa, akafunua karatasi nyingine.

"Kwa nini umemkosesha?" nikamuuliza.

"Jibu ni kujificha ama inzi," akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni. Akanionyesha kwa kidole. "Imeandikwa, madam. Hata muhuri iko."

"Ni mimi niliyeandika."

Hakuniamini. Nilimwona akitafuta la kusema ambalo halitaniudhi. Nikamwambia hainidhuru asiponiamini, lakini mtoto yule anatoka wapi, na mistari ile aliiona wapi, na mama yake ni wa watu gani. Akasema hajui, wanafunzi wake ni themanini. Akaniuliza kama mimi najua jibu la mtoto ni sahihi.

"Sijui," nikasema. "Muulize."

"Na kama hajaona popote?"

"Basi mwekee kosa lake. Lakini umuulize kwanza. Mimi wangu sikumuuliza."